Sura ya Tano: Fundi wa Pili

Kigeuze kiatu cha ncha kilichotengenezwa na kampuni ya Freed ya London, utakuta chapa ndogo imegongwa kwenye soli yake ya ngozi: samaki, taji, kengele, nanga au herufi moja tu. Hiyo ni alama ya fundi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1929 na Frederick Freed pamoja na mkewe, na hadi leo umbo la kiatu hutoka mikononi mwa mtu, si katika mashine. Mchezaji wa baleti anaweza kuvaa viatu vya fundi mmoja kwa miaka mingi bila kumwona uso, akimjua kwa chapa yake peke yake. Siku fundi huyo anapostaafu, mchezaji hubaki akihangaika kutafuta mwingine mwenye mkono unaokaribiana na wake.

Lakini fundi huyo, pamoja na ustadi wake wote, huikabidhi kazi ikiwa haijakwisha. Kiatu kinachotoka karakanani hakina utepe wala lastiki. Ncha yake inateleza, uti wake umekakamaa, na kikigonga sakafu hutoa mlio unaosikika hadi viti vya nyuma. Ukimpa mchezaji hodari acheze nacho hivyo hivyo, ataanguka au ataumia. Kinamsubiri fundi wa pili, naye ni mchezaji mwenyewe, aliyeketi sakafuni na sindano, mkasi, nyundo na kisu. Sura hii inahusu kazi ya huyo fundi wa pili.

Kilichomo ndani

Wengi hudhani ndani ya ncha ya kiatu hiki mna kipande cha mbao au chuma. Hakuna. Katika viatu vinavyotengenezwa kwa njia ya jadi, ncha hujengwa kwa matabaka ya kitambaa cha gunia na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga na maji, ndugu ya ile ambayo watoto wetu hugandishia tiara. Fundi hukishona kiatu kikiwa ndani nje, kisha hukigeuza, hukigongagonga kwa nyundo hadi ncha ipate bapa la kusimamia, halafu viatu huingizwa katika tanuri la joto la wastani vikauke usiku kucha. Kesho yake ile gundi imekuwa ganda gumu. Ganda hilo ndilo wachezaji huliita boksi.

Chini ya unyayo hupita uti, yaani ubao mwembamba wa kadibodi iliyoshindiliwa, wakati mwingine pamoja na ngozi, kuanzia kisiginoni hadi karibu na vidole. Nje kuna satini, ndani kitambaa cha pamba, na ukingoni kuna kamba nyembamba ya kukazia mdomo wa kiatu. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba kiatu cha jadi hakina kulia wala kushoto. Vyote viwili hutoka vikiwa sawasawa, na ni mchezaji anayeamua kipi kiende mguu upi, kisha akaandika ndani yake kwa kalamu.

Mvaaji wa kwanza anapaswa kulielewa vizuri jambo moja: kiatu hiki hakimsimamishi mtu. Boksi huvibana vidole na pande za mguu ili uzito wote usiangukie ncha za vidole, na uti huushika upinde wa unyayo usiporomoke. Yanayobaki ni ya misuli ya kifundo, ya mguu, ya nyonga na ya mgongo. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya dansi hushauri mtoto asipande kwenye ncha kabla ya kufika takriban miaka 12, na hata akifika, awe kwanza na miaka kadhaa ya mafunzo mfululizo na kifundo imara. Umri peke yake hautoshi. Mtoto wa miaka 13 aliyeanza darasa mwaka jana bado hajaiva.

Kutoka Taglioni hadi Pavlova

Mnamo Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alicheza *La Sylphide*, baleti aliyotungiwa na baba yake, Filippo. Hakuwa wa kwanza kusimama kwenye vidole, ila alikuwa wa kwanza kukufanya kuwa lugha ya baleti nzima, na hadhira ikaamini inamwona kiumbe asiyegusa ardhi. Viatu vyake vilikuwa ndara laini za satini zenye soli nyembamba ya ngozi. Havikuwa na boksi. Msaada pekee ulitokana na nyuzi zilizoshonwa kwa wingi kuzunguka ncha na pande zake. Kwa hiyo, kiatu hiki kilianza kwa sindano hata kabla ya kuanza kwa gundi.

Ganda gumu lilikuja baadaye, wakati mafundi wa Italia walipoanza kuimarisha ncha mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 huko St Petersburg, Mwitalia Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika *Swan Lake*, jambo ambalo ndara za Taglioni zisingelistahimili. Kisha akaja Anna Pavlova, Mrusi mwenye unyayo uliopinda mno. Upinde wa namna hiyo unapendeza machoni lakini ni dhaifu kubeba uzito, hivyo akaviongezea viatu vyake soli ngumu na kuimarisha ncha. Wapo waliomlaumu kwamba anajirahisishia kazi. Leo karibu kila mchezaji hufanya alichofanya Pavlova, naye huanza na swali lile lile: mguu wangu una upungufu gani, na kiatu kiuzibe wapi?

Sindano na utepe

Kazi huanza kwa utepe. Jozi moja huhitaji vipande vinne vyenye upana wa sentimita mbili hivi na urefu wa nusu mita au zaidi kidogo kila kimoja. Ili kupata mahali pa kuushona, mchezaji hukunja kisigino cha kiatu kuelekea mbele hadi kilale juu ya soli ya ndani. Pale mkunjo unapokutana na ukingo ndipo utepe hukaa. Wapo wanaousogeza mbele kidogo au nyuma kidogo ili uubane zaidi upinde wao, na tofauti ya sentimita moja huonekana mguuni mara moja.

Mishono huwa midogo na imara, nayo hupita kwenye kitambaa cha ndani bila kutokeza kwenye satini. Sindano isiguse njia ya ile kamba ya ukingoni; ukiishona, kamba haikazi tena na mdomo wa kiatu utabaki wazi. Uzi wa kawaida wa kushonea nguo hukatika mapema, kwa hiyo wengi hutumia uzi mnene wa kushonea makochi, au ule uzi wenye nta wa kusafishia meno, ambao hauchakai upesi kwa jasho. Ncha za utepe wa nailoni hupitishwa karibu na mwali wa kiberiti ili zisifumuke. Kisigino kinachochopoka hushikwa kwa lastiki inayopita juu ya kifundo.

Kufunga nako kuna adabu yake. Utepe hupishana mbele, huzunguka nyuma, kisha fundo hukaa upande wa ndani, katika kibonde kilichopo kati ya mfupa wa kifundo na ule ukano mnene wa kisigino. Ukifunga fundo juu ya ukano wenyewe, utaukandamiza kila unapopanda kwenye ncha, na baada ya wiki chache utavimba. Goti likunjwe kidogo wakati wa kufunga, ukano upate nafasi. Miisho ya utepe hufichwa chini ya mikunjo, na usiku wa onyesho hushonwa kabisa, maana kijipande kinachoning'inia ndicho hadhira itakachokitazama badala ya mchezaji.

Baada ya utepe huja ncha. Satini huteleza, na satini ya nchani huchanika siku ya kwanza. Baadhi ya wachezaji huikata na kuiondoa kwenye lile bapa, wakaacha kitambaa cha chini kinachoshika sakafu vizuri. Wengine huitililia kwa uzi wa pamba wa kufumia vitambaa, mshono kando ya mshono, mpaka bapa lizungukwe na ukingo mnene. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi kwa jozi moja, na faida yake ni tatu: kiatu kinashika sakafu, kinapata ukingo wa kujiegemeza, na hakichakai upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kiatu cha ncha ukuta ni bei ya jozi mpya, ambayo Marekani huweza kufika dola 100 au zaidi.

Kukilainisha bila kukiua

Hapa ndipo mafundi wa pili wengi huharibu kazi. Kiatu kipya kinahitaji kulainishwa mahali fulani tu, na kubaki kigumu kwingine kote. Mchezaji asiyejua mipaka hiyo hukikunja katikati, uti ukavunjika chini ya upinde wa unyayo, mahali hasa palipohitaji msaada. Kiatu cha namna hiyo kimekufa kabla hakijachezewa.

Mahali pa kwanza pa kulainisha ni pande za boksi, zinazokandwa kwa kiganja au kukanyagwa kidogo kwa kisigino ili zilingane na upana wa mguu. Pa pili ni chini ya kitako cha vidole, ili mguu upite katika hatua ya nusu ncha, yaani kisigino kikiwa juu na vidole vikiwa bado vimelala sakafuni. Mchezaji asiyeweza kupita hapo taratibu huruka kutoka sakafuni hadi nchani kwa kishindo, na akishuka hushuka kwa kishindo. Pa tatu ni kwenye uti, pale kisigino kinapoanza kupanda. Wenye uzoefu huung'oa kwa koleo msumari mdogo unaoushikilia uti na kuukata uti huo kwa kisu, wakaacha robo tatu yake, ili kiatu kikunjike pamoja na mguu na kung'ang'ania unyayo.

Utawaona wachezaji wa jukwaa kubwa wakibamiza viatu kwenye ngazi za saruji, wakiviponda kwa mlango, au wakilowanisha boksi kwa maji au spiriti ili likae mguuni upesi. Mwanafunzi asiige. Wale hupewa viatu na kampuni na huenda wakamaliza jozi nzima usiku mmoja. Mwanafunzi aliyenunuliwa jozi moja ya muhula atembee nayo ndani ya nyumba, apande na kushuka nusu ncha akiwa ameshika ukuta au kiti, na joto la mguu wake litafanya kazi ile ile bila kukifupishia kiatu maisha.

Kule kubamiza kuna sababu nyingine isiyohusiana na ulaini, nayo ni kelele. Katika sehemu ya pili ya *Giselle*, baleti iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1841, wasichana waliokufa kabla ya ndoa hurudi usiku wakiwa mizimu, wakapita jukwaani kwa safu ndefu. Viatu vyao vikigonga mbao kwa mkupuo, mizimu hugeuka kuwa kikosi cha askari. Kwa hiyo, boksi jipya hugongwa kwa nyundo au sakafuni hadi mlio ufifie, na soli hukwaruzwa kwa kisu au brashi ya waya isiteleze. Kabla ya kuingia jukwaani, mchezaji hukanyaga ncha zake katika sanduku lenye unga wa utomvu mkavu wa msonobari, nao humpa mshiko.

Rangi ya mguu

Kwa karibu karne nzima viatu hivi viliuzwa katika rangi moja, waridi hafifu, iliyokusudiwa kuendana na ngozi ya Mzungu ili mstari wa mguu uonekane hauna mwisho. Kwa mchezaji mweusi mstari huo ulikatikia kifundoni. Dance Theatre of Harlem, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, ilianza katika miaka ya 1970 kuwavisha wachezaji wake soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao. Viatu hivyo havikuuzwa, kwa hiyo walivipaka fondesheni ya usoni kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, utepe na yote. Ingrid Silva, Mbrazili wa kampuni hiyo, alivipaka vyake kwa miaka 11, hadi mwaka 2019 alipopata vilivyotengenezwa kwa rangi yake. Mwaka mmoja kabla, Freed walikuwa wameingiza sokoni viatu vya kahawia na vya shaba kwa kushirikiana na kampuni ya Ballet Black ya London.

Mwanafunzi wa Nairobi au Kampala bado anaweza kukutana na waridi peke yake dukani. Akiamua kupaka, apake kabla ya mazoezi kwa siku moja, kwa tabaka jembamba, na aache likauke kabla ya kuongeza jingine. Sponji lisilowe mno, kwani maji yanayolowanisha satini hufika kwenye gundi. Anayetaka kuondoa mng'ao tu, abaki na rangi ile ile, hupitisha losheni ya kalamini.

Jasho ndilo adui

Gundi iliyotokana na unga na maji hurudi kuwa uji ikipata maji. Mguu unaotoa jasho kwa saa mbili ndani ya boksi unalilainisha kutoka ndani, kidogo kidogo. Hivyo, matunzo yote ya kiatu hiki ni namna moja au nyingine ya kupigana na unyevu, na anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina maji, anapigana zaidi ya mwenzake wa nyanda za juu.

Mara darasa likiisha, toa ndani ya kiatu kila kilichowekwa: sponji za vidole, sufu ya kondoo, plasta. Fungua mdomo wa kiatu na ukining'inize mahali penye upepo. Kisikae juani wala karibu na jiko, maana joto kali hufubaza satini na kupasua gundi. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki. Tumia mfuko wa wavu au wa kitambaa chepesi. Usikizungushie utepe kikiwa na maji. Kiatu kinahitaji siku nzima kukauka, na siku mbili ni bora zaidi, kwa hiyo anayefanya mazoezi kila siku awe na jozi mbili au tatu za kupokezana. Jozi mbili zinazopumzika hudumu kuliko jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine. Kamwe usikifue, wala usitoke nacho nje.

Boksi likianza kulegea, linaweza kuimarishwa. Wachezaji humimina ndani ya ncha, na wakati mwingine juu ya uti, shelaki ile ile ambayo maseremala hupakia fanicha, au supagluu. Shelaki huachwa usiku kucha. Supagluu hukauka upesi, lakini inapogusa pamba huweza kupata joto la kuunguza ngozi, na mvuke wake huwasha macho. Imiminwe matone machache, dirisha likiwa wazi, na mguu usiingie mpaka kiatu kiwe kikavu na baridi kabisa.

Miguu nayo itunzwe. Kucha zikatwe fupi na kwa mstari ulionyooka, zisichimbe nyama pembeni. Lengelenge lisafishwe na kufunikwa. Sponji isizidi: mtu akijaza kiatu hadi asiisikie sakafu, kipimo cha kiatu ndicho kibaya, na dawa yake ni kipimo kingine.

Siku ya kukiacha

Kiatu cha ncha hufa. Cha mchezaji mkuu kinaweza kufa kabla pazia halijafungwa, cha mwanafunzi wa mara moja kwa wiki kikadumu miezi kadhaa. Dalili zinajulikana. Uti ukikunjwa kwa kidole gumba haurudi. Boksi linabonyea. Mvaaji anahisi vidole vyake vinagusa sakafu moja kwa moja, au mguu wake unapita mbele ya bapa na kifundo kinaning'inia. Hapo gundi ya shelaki haisaidii tena. Wengine huung'oa uti na kukitumia kama kiatu laini cha mazoezi ya kawaida, na kampuni kubwa huuza viatu vilivyochakaa vikiwa na saini ya mchezaji ili kuchangisha fedha.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na walimu wa kwetu, tuliozoea mitumba na kurithishana nguo za shule. Sare ya baleti rithishaneni, soksi rithishaneni, hata utepe unaweza kufumuliwa ukashonwa upya. Kiatu cha ncha kilichokwisha kuvaliwa kimelainika mahali pa mguu wa mwenyewe wa kwanza na kimebaki kigumu mahali pake. Mtoto mwingine akikipanda, anasimama juu ya makosa yasiyo yake. Kama fedha za jozi mpya hazijapatikana, mwacheni aendelee na kiatu laini, aimarishe kifundo na nyonga. Ataingia kwenye ncha akiwa amechelewa muhula mmoja, lakini ataingia na mguu mzima.